Ubao wa Funguo

Mume wangu hanywi tena, huu ni mwaka wa nne. Watu wa mtaani kwetu Buzebazeba wakitaka kunisifu huanzia hapo. Husema mwalimu amemweza mzee, mwalimu angepewa mkoa mzima pombe ingekwisha. Nacheka kidogo na kubadilisha mazungumzo. Mimi sikumwachisha chochote. Aliacha mwenyewe, kwa sababu anaamini alimfanyia mtoto wetu jambo ambalo hakulifanya. Nililifanya mimi. Yeye hajui hadi leo, na katika nyumba yetu anayejua ni mtoto peke yake.

Nianze na kikao, maana huku kwetu kila balaa lina muhtasari wake.

Mimi si mwenyeji wa Kigoma. Nililetwa na barua ya ajira miaka mingi iliyopita, nikashuka kwenye treni na begi moja na godoro, nikitokea Iringa. Kwetu ukifika msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, hata mtoto anayenyonya hurambishwa kidole. Nimekua nikiona hivyo, na nimemzika kaka yangu akiwa hajafika miaka thelathini, tumbo limejaa maji. Kwa hiyo pombe sikuichukia kwa kuhubiriwa. Niliichukia kwa sababu naijua. Halafu nikaja huku nikaolewa na mnywaji. Waliosema mganga hajigangi walikuwa wananisema mimi.

Mume wangu ni fundi wa mashine za boti pale Kibirizi, mzaliwa wa Ujiji, mtu mpole ambaye mikono yake haijawahi kutoka oili hata siku ya harusi yetu. Kazi yake hufuata mwezi. Kukiwa na giza, boti za dagaa huingia ziwani na taa zao kila siku, na fundi hana mashine ya kufungua. Mbalamwezi ikianza dagaa hawaifuati taa, boti hukaa mchangani, mashine hushushwa, na wavuvi wanakuwa nchi kavu siku kama kumi wakiwa na kitu mfukoni. Hapo ndipo fundi anapopata kazi asubuhi na shukrani mchana. Shukrani ya mvuvi huja ikiwa kwenye chupa, na kuikataa ni kama kumwambia mtu mzima kwamba mkono wake unanuka. Ikifika saa kumi jioni mume wangu alikuwa ameshashukuriwa na boti nne, na pikipiki yake ilikuwa inamsubiri ampeleke Buzebazeba.

Sisi watumishi wa kuletwa hatukulielewa jambo hilo la mwezi. Kamati yetu ya mtaa ilipoanza, mimi nikiwa katibu, tulipanga kukagua vilabu kila tarehe za mwisho wa mwezi, kwa sababu sisi ndivyo tunavyolewa, mshahara ukitoka. Tukazunguka na vitabu vyetu tukakuta vilabu vitupu, mama mmoja anafagia, mbuzi amelala mlangoni. Tukaandika kwamba hali ni shwari. Mwezi ulipopevuka, watu wakanywa kuanzia saa nne asubuhi na sisi tukiwa kazini. Ilituchukua miezi mitatu mtu kutuambia, na aliyetuambia alicheka mpaka akakaa chini.

Kamati yenyewe ilitokana na darasa langu. Nilikuwa nafundisha Kiswahili darasa la saba. Siku moja kijana wa miaka kumi na mbili akalala juu ya daftari, nikadhani ni malaria. Nilipofungua mkoba wake nitafute namba ya simu ya kwao, nikakuta kichupa cha plastiki, kile cha pombe kali kinachoingia kiganjani. Viroba, vile vifuko vya pombe, vilipopigwa marufuku tulishangilia, kumbe ilibadilika nguo tu. Nikamuuliza nani amekuuzia. Akasema, “Yule mama pale. Nikimwambia ni ya baba, ananipa.”

Nilikasirika vibaya sana. Nilienda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mtaa, mzee mcheshi anayependa wageni na mikutano, na kabla ya wiki mbili tulikuwa na kamati: yeye, mimi, shehe mmoja, katekista mmoja, kiongozi wa bodaboda, na mama anayekaanga samaki, migebuka, kwenye njia panda. Sheria yetu ya kwanza ilikuwa fupi. Mtoto asiuziwe pombe, hata akisema katumwa na baba, hata akitaja jina la babu. Wenye vilabu walinung'unika. Mmoja akaniuliza, “Sasa baba mwenye miguu inayouma atakunywaje, mwalimu?” Nikamwambia atambae. Wakatia sahihi. Tuliwafuatilia, na tukajua sasa kuufuata mwezi badala ya mshahara. Nakiri ilifanya kazi. Katika mtaa wetu ulipomwona mtoto kilabuni, basi alikuwa mkavu, hajaonja, na mwenye kilabu alikuwa radhi aapie hilo msikitini na kanisani.

Mafanikio yale yalitupandisha kichwa. Tukageukia bodaboda.

Kijana mmoja wa kijiweni alikuwa amemgonga mama mjamzito kwenye barabara ya Ujiji, amelewa, saa tisa mchana. Mama alipona, mtoto hakupona. Mtaa ulichemka. Watu walitaka kuchoma pikipiki, shehe akawazuia. Kwenye kikao kila mtu alikuja na ukali wake, wengine wakisema viboko, wengine wakisema polisi. Mimi nikaja na ubao. Nilikuwa nimeuona ofisini kwetu shuleni, ubao wenye misumari ambapo funguo za madarasa zinaning'inia. Nikasema kila kilabu kiwe na ubao kama ule. Mtu akija kunywa na chombo cha moto, kabla hajakaa anakabidhi funguo, zinatundikwa, na hazishuki mpaka kesho yake, au mpaka aje mtu wa kumwendesha. Nikaandika kanuni kwa mkono wangu, kwa mwandiko ule wa ubaoni ambao wakaguzi huusifia: “Funguo atapewa mtu ambaye hajanywa.” Mwenyekiti akaisoma kwa sauti mara mbili. Akasema, “Hii imetulia.”

Ikaenea upesi kuliko tulivyotarajia. Mafundi seremala walichonga mbao kwa bei ya chini. Wenye vilabu waliipenda kwa sababu mtu asiye na funguo haondoki mapema. Watu wa Kibirizi wakaiga, wa Katonga wakaiga. Nilikuwa nikipita njiani nikiona funguo zimening'inia kwenye ukuta wa kilabu, moyo wangu unajaa. Sijawahi kuhisi hivyo hata siku niliyopandishwa daraja.

Lakini pikipiki nyingi za kijiweni si za anayeziendesha. Zina tajiri, na tajiri anataka chombo chake nyumbani jua likizama, si kesho. Na mwenye pikipiki yake naye ana mke. Basi mtu akishalewa alitafuta wa kumwendesha. Wenzake wamelewa. Kilabuni kote, kuanzia mwenye kilabu mwenyewe, nani hajanywa? Watoto. Wale wale tuliokataza wasiuziwe. Waliokuja kuuza karanga na mayai, waliokuja kumwita baba, walikuwa ndio watu pekee wenye akili timamu katika eneo lile, na akili hiyo tumeilinda sisi kwa sahihi na mihuri. Na hakuna mtoto wa kiume wa huku ambaye hajajifunza pikipiki mchangani akiwa na miaka kumi.

Wa kwanza kuliona alikuwa mama wa migebuka. Yeye anakaa njia panda, anaona kila kinachopita. Alisimama kwenye kikao, akafuta mikono kwenye kanga.

“Oya, mwalimu,” akasema. “Mimi naona watoto wanapita wamepakia walevi. Jana kapita mmoja, miguu haifiki chini. Hawa mmewafanya madereva.”

Kiongozi wa bodaboda akasema ni watoto wawili watatu tu. Mwenyekiti akacheka akasema, “Mama, kati ya mtoto mwenye akili na mzee mlevi, wewe ungepanda ya nani?” Watu wakacheka. Mama wa migebuka hakucheka. Akasema, “Mimi ningetembea,” akakaa.

Nilikuwa na kalamu mkononi. Ningeweza kuandika hoja yake na kuongeza maneno mawili kwenye kanuni yangu, mtu mzima mwenye leseni, tukamaliza. Lakini kanuni ilikuwa imeshapigwa chapa, ilikuwa imeshabandikwa vilabu vyote, na ilikuwa yangu. Nikaandika: “Mjumbe alitoa angalizo, likajibiwa.” Muhtasari huo upo. Nikitaka kujiumiza naufungua.

Na kwa nini nijifanye sikujua? Nyumbani kwangu nilikuwa na mmoja wao. Mwanangu, mtoto wetu wa pekee, alikuwa na miaka kumi na tatu, darasa la saba, mwembamba, mwenye maneno machache. Baba yake alimfundisha pikipiki kwa fahari. Kwa miezi mitano hivi, mbalamwezi ikianza, simu ya kilabu cha Kibirizi ingeita saa kumi jioni, na mtoto angepanda bajaji hadi kule, achukue funguo ubaoni, ampakie baba yake, amlete nyumbani. Kabla ya ubao nilikuwa nakaa kizingitini na roho mkononi, nikisikiliza kila mlio wa pikipiki. Baada ya ubao nilikuwa nakaa ndani nasahihisha madaftari. Niliwahi hata kumsifia mtoto mbele ya kamati. Nilisema, “Kwangu sasa hivi dereva ni wa darasa la saba, na hajawahi kuanguka.” Wakapiga makofi.

Wanasema samaki mkunje angali mbichi. Mimi wangu nilimkunja vizuri.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, likizo ya Juni, upepo wa ziwa unavuma na vumbi jekundu limejaa kila mahali. Tulikuwa na wageni. Ofisi za juu zilikuwa zimesikia habari za ubao wetu, wakatuma watu waje wauone, na baada ya kuuona waje kunywa chai kwangu kwa sababu mimi ni katibu. Niliazima viti kwa jirani. Nilikaanga maandazi tangu alfajiri. Walitarajiwa saa kumi. Saa tisa na nusu simu ikaita. Mama wa kilabu cha Kibirizi akasema, “Mwalimu, fundi yuko hapa, amelewa leo kuliko siku zote, anagombania funguo. Anasema kanuni ni ya mkewe na yeye anaivunja. Watu wanamcheka.”

Nilimwona akilini mwangu akija na pikipiki yake, amelegea, akiingia uani katikati ya wageni na maandazi yangu. Aibu ile bado naikumbuka vizuri kuliko maumivu mengi niliyoyapata baadaye. Ningeweza kumwambia yule mama amwache alale kwenye benchi. Ningeweza kwenda mwenyewe na bajaji, wageni wakasubiri robo saa, wasingekufa. Nikamwita mwanangu.

Alikuwa ananipangia vikombe. Nikamwambia, “Nenda kamchukue baba yako. Usipite barabara kubwa, wageni watakuwa wanakuja na barabara hiyo. Pita njia ya nyuma, umlaze kwa shangazi yako mpaka waondoke.”

Akasimama na kikombe mkononi. “Mama, leo naogopa,” akasema. “Akilewa sana anacheza kule nyuma. Juzi alinishika mkono tuko kwenye mteremko. Na njia ya nyuma ina mitaro.”

Mwanangu hakuwa mtoto wa kukataa. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniambia anaogopa. Ningekuwa na masikio ningesikia.

Nikamwambia, “Kwa hiyo unataka mimi niaibike? Wewe si ndiye dereva wangu? Nenda, usinicheleweshe.”

Akaweka kikombe mezani taratibu, akaenda.

Wageni walifika wakiwa na furaha. Walikuwa wameuona ubao wa kilabu cha karibu, wameupiga picha. Mmoja, dada mdogo mwenye miwani, aliniuliza wazo lilinijiaje, nami nikaanza kumweleza habari za ubao wa shuleni. Nilikuwa bado namweleza mama wa migebuka alipoingia bila hodi, kanga imefungwa kiunoni. Hakunisalimia. Alisema, “Mwalimu, toka.” Nikatoka na sahani ya maandazi mkononi.

Walikuwa wameteremka njia ya nyuma. Waliowaona walisema baba alikuwa anaimba. Akamwona mtu anayemfahamu, akainuka kumpungia, akayumba, akamshika mtoto shingoni asianguke. Mtoto akaipoteza pikipiki. Ikaingia kwenye mtaro uliojengewa kwa mawe, na ikamlalia mguu wa kulia, injini bado inanguruma, gurudumu linazunguka. Baba aliangukia mchangani. Alichubuka kiwiko. Alikaa pale akimuuliza mtoto kwa nini amesimamisha pikipiki.

Hospitali walihangaika siku nne. Siku ya tano wakaukata mguu chini ya goti. Daktari, kijana mgeni kama nilivyokuwa mimi zamani, aliniita pembeni anieleze, nami nikawa naitikia kama mtu anayepewa maelekezo ya dawa ya kikohozi. Ndugu wa mume wangu walikuwa wamejaa kwenye ukumbi. Mama mkwe alilia kwa Kiha akimwita mjukuu wake majina yote ya wazee.

Mume wangu alizinduka kutoka kwenye ulevi jioni ile ile ya Alhamisi, kwenye benchi la hospitali. Hakukumbuka kitu tangu saa saba mchana. Aliuliza, “Nimefanya nini?” Kaka yake akamjibu kwa hasira, “Umempa mtoto pikipiki umelewa, sasa kaangalie.” Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale. Neno lilikuwa mdomoni. Nilikuwa na nafasi ya kusema si yeye, ni mimi niliyemtuma, mtoto alikataa nikamlazimisha. Sikusema. Nilijiambia si wakati wake. Wakati wake ulikuwa ule ule.

Polisi walipokuja, mtoto akiwa kitandani, walimuuliza nani alimpa pikipiki. Alinitazama. Sitasema alinitazama kwa chuki, maana ningeipata chuki ningefarijika. Alinitazama kama mwanafunzi anayemwangalia mwalimu ajue jibu lipi linatakiwa. Kisha akasema, “Nilikuwa na baba.” Baba yake akaitikia kutoka mlangoni, “Ni mimi nilimpa, afande. Niandike mimi.” Wakamwandika. Alilala mahabusu siku mbili, akapelekwa mahakamani, akakiri kila alichosomewa, akatozwa faini. Tangu siku hiyo hakugusa pombe.

Halafu kamati ikadai taarifa ya robo mwaka. Katibu ni mimi. Kulikuwa na safu ya ajali zilizosababishwa na madereva walevi. Nilikaa na kalamu muda mrefu, mwanangu akiwa amelala chumba cha pili na mguu ulio nusu. Dereva wa ajali ile hakuwa mlevi. Dereva hajawahi kuonja pombe maishani mwake. Nikaandika: “Hakuna.” Mwenyekiti alipoisoma mbele ya watu alikohoa kidogo, akaendelea na kipengele kingine. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, na ya Firauni niliyaandika kwa mwandiko mzuri.

Kanuni tuliibadilisha baadaye, tukaongeza mtu mzima mwenye leseni. Ikafa hapo hapo. Mtu mzima mwenye leseni, ambaye hajanywa, aliyeko kilabuni saa kumi jioni ya mbalamwezi, hayupo katika manispaa hii. Wenye vilabu wakachoka kugombana na wateja. Mbao zile ziko bado. Ule wa kilabu cha karibu yetu wanauandikia ratiba ya mpira.

Mimi nilijiuzulu ukatibu mwaka mmoja baadaye, wakanirudisha kwa makofi. Mume wangu ndiye akawa kitu kipya. Katekista alimwomba aende kusema neno kwa vijana, akaenda, akasema, watu wakalia. Shehe naye akamwita. Sasa huitwa mashuleni, huitwa vijiweni, mbalamwezi ikianza anakwenda Kibirizi kuongea na wavuvi aliokuwa akinywa nao kabla hawajafungua chupa. Husimama na ile mikono yake ya oili, anainyoosha mbele, anasema, “Mguu wa mwanangu niliukata kwa mikono hii.” Nimelisikia neno hilo mara nyingi kuliko sala ya Bwana. Mimi huwa nimekaa mstari wa mbele na daftari. Mara nyingi mwanangu huwa amekaa karibu yangu na mguu wake wa bandia, kwa sababu waandaaji humtaka awepo watu wamwone. Na wanaomwona hudhani ni yeye aliyelewa. Kuna mgeni rasmi mmoja aliwahi kumtambulisha kama kijana aliyeponzwa na ulevi. Hakuna aliyemsahihisha. Mwanangu akainua mkono kuwapungia watu.

Aliniuliza mara moja tu, akiwa na miaka kumi na minne. Tulikuwa tunachambua mchele. Akasema, “Mama, utamwambia lini baba?” Nikamjibu, “Akipata nguvu.” Baba yake akapata nguvu, akanenepa hata, nami nikaona sasa ndiyo haifai kabisa, kwa sababu nguvu zenyewe zimesimama juu ya kosa lile. Nikimwondolea kosa, nitakuwa nimemrudishia chupa. Ndivyo nilivyojiambia. Ni hoja nzuri, ningeisikia kwa mtu mwingine ningempa alama zote. Ubaya wake ni kwamba inanifaa mno.

Jumamosi iliyopita mume wangu alikuwa nyuma ya nyumba akijaribu mashine ya mtu kwenye pipa la maji. Inapiga kelele, inatoa moshi, yeye anaipenda. Ilikuwa saa tisa mchana. Mwanangu akaingia sebuleni. Ana miaka kumi na saba sasa, kidato cha tatu, ameota ndevu chache. Akakaa kwenye kiti akaanza kufungua mikanda ya mguu, na harufu ikanifikia kabla hajasema shikamoo.

“Umekunywa,” nikasema.

“Nimekunywa.”

“Nani kakuuzia?”

Akacheka. Kicheko chake ni cha baba yake, cha taratibu. “Unataka jina la kuandika kwenye daftari, katibu?”

Nikamwambia asinijibu hivyo. Nikamwambia anajua pombe imefanya nini katika nyumba hii. Nilisikia sauti yangu, ile ya mikutano. Aliniacha nimalize. Kisha akauweka mguu wa bandia sakafuni, akausimamisha vizuri ukutani, akasema kwa utulivu kabisa, “Pombe haijanifanya kitu mama. Mwambie baba. Toka nje sasa hivi, zima ile mashine, umwambie ni nani alinituma na mimi nilisema nini. Ukimwambia, naapa sitaonja tena.”

Nilitazama dirishani. Mume wangu alikuwa ameinama juu ya pipa, ameloa mikono hadi viwiko, anatabasamu peke yake kwa sababu mashine imekubali kuwaka. Mara akaizima. Kukawa kimya, nikasikia viatu vyake vinakuja mlangoni. Mwanangu alikuwa ananitazama, anasubiri, na usoni mwake kulikuwa bado na matumaini. Hilo sikulitegemea.

“Nenda kasukutue mdomo,” nikamwambia, “baba yako anaingia.”